WAPIMA MVUA WA FORT COLLINS

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Colorado, uko mji uitwao Fort Collins. Mji huo umejengwa chini ya milima mirefu ya Rocky, upande wa mashariki, nao umeinuka kiasi cha futi 5,000 juu ya bahari, yaani hauko mbali sana na kimo cha Nairobi. Nchi yake ni kavu. Mvua na theluji ya mwaka mzima hufikia kama inchi 15 tu, na wakulima wengi hunywesha mashamba yao kwa mifereji ya maji yatokayo milimani.

Lakini watu wa nchi hiyo kavu wamejulikana kwa bidii yao ya kupima mvua. Kila siku asubuhi, yapata saa moja, kabla ya kwenda kazini, baadhi yao hutoka uani, huinama penye chombo kidogo kilichofungwa juu ya nguzo, wakasoma kiasi cha mvua iliyonyesha tangu asubuhi ya jana, wakakiandika. Wamo wakulima, walimu, makarani, wazee waliokwisha kustaafu, hata watoto wa shule. Hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo, wala hapana anayewalazimisha. Wakati wa tufani za majira ya joto, mvua inapokuja na ngurumo na mawe, wao ndio macho ya wataalamu wa hali ya hewa.

Huenda msomaji akauliza: Ya nini taabu hiyo? Je, Serikali ya Marekani haina wataalamu, haina rada, haina setilaiti zinazotazama mawingu kutoka juu? Inavyo vyote hivyo. Ilikuwa navyo hata usiku wa tarehe 28 Julai 1997, na hata hivyo msiba ulitokea.

USIKU WA MAJI

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tangu jana yake, na ardhi ilikuwa imekwisha kulowa. Jioni ya tarehe 28 mawingu yalijikusanya tena juu ya vilima vilivyo magharibi ya mji. Kwa kawaida tufani za huko hupita upesi, kwa sababu upepo wa juu huzisukuma kwenda mashariki. Siku ile upepo wa juu ulikuwa dhaifu, na mawingu yakasimama mahali pamoja. Mvua ikamwagika saa baada ya saa juu ya vilima vile vile na mitaa ile ile.

Upande wa kusini-magharibi ya mji, zaidi ya inchi 10 zilinyesha jioni ile moja. Kwa muda wa saa 31 jumla ilipita inchi 14, yaani karibu sawa na mvua ya mwaka mzima. Mkulima atafahamu maana ya hesabu hiyo akiambiwa kwamba inchi moja ya mvua katika eka moja ni maji ya lita 100,000 na zaidi, ambayo uzito wake ni kama tani 100. Basi inchi 10 ni tani 1,000 za maji juu ya kila eka, na maji hayo yote hutafuta njia ya kuteremkia.

Yaliteremka kwa kijito kiitwacho Spring Creek, ambacho siku nyingine mtoto angeweza kukivuka kwa miguu. Yakajikusanya nyuma ya tuta la reli, yakapanda, kisha yakapita juu yake na kushukia mtaa wa nyumba nyepesi, zile zinazoweza kukokotwa kwa motokaa. Watu 5 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Katika Chuo Kikuu cha Colorado State, kilicho katika mji huo huo, maji yaliingia katika chumba cha chini cha maktaba na kulowesha vitabu kwa mamia ya maelfu. Hasara yote ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 200.

Jambo la ajabu ni hili. Watu waliokaa upande wa mashariki wa mji huo, maili chache tu kutoka penye gharika, walipata mvua ya kiasi cha inchi 2 hivi. Wengine walilala usingizi bila kujua kwamba majirani zao wanapigana na maji. Rada nayo ilidanganyika. Rada haipimi mvua yenyewe, bali hutuma mawimbi yanayogonga matone na kurudi, na kwa kurudi huko wataalamu hukisia kiasi cha mvua. Mvua ile ilikuwa ya namna ya mvua za nchi za joto: matone mengi mno, lakini si makubwa sana, na mawe hayakuwa mengi. Kwa hiyo kisio la rada lilikuwa dogo kuliko mvua iliyoanguka.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza katika wilaya hiyo. Tarehe 31 Julai 1976, katika bonde la mto Big Thompson lililo karibu, tufani ilisimama vivyo hivyo jioni moja, ikanyesha kama inchi 12 kwa saa chache. Watu zaidi ya 140 walikufa, wengi wao wakiwa wageni waliokuja kupumzika milimani, na huko walikokuwa hawakuweza kujua yaliyokuwa yakitokea juu zaidi bondeni.

KWA NINI TUFANI ZA HUKO NI KALI

Katika miezi ya Mei hadi Agosti jua la Colorado huchoma miteremko ya milima tangu asubuhi. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi, nayo hupanda. Upepo utokao mashariki na kusini ukileta unyevu, hewa hiyo yenye maji hupandishwa mlimani kama mtu apandaye ngazi. Juu kuna baridi, na huko mvuke hugeuka kuwa matone, na matone hugeuka kuwa wingu. Wakati wa kugeuka huko joto lililokuwamo ndani ya mvuke hutoka, likazidi kuipasha hewa na kuipandisha. Ndiyo maana wingu la mvua ya radi laweza kuonekana likikua mbele ya macho, likapita kimo cha maili 7 au 8 kabla ya jua kutua.

Ndani ya wingu hilo mna baridi kali. Kipande kidogo cha barafu kikibebwa na upepo upandao hupigwa na matone yaliyo baridi, nayo huganda juu yake tabaka kwa tabaka, mpaka kiwe kizito kuliko nguvu ya upepo. Hapo huanguka, na hilo ndilo jiwe la mvua. Upepo ukiwa na nguvu sana, jiwe huwa kubwa sana. Tarehe 23 Julai 2010, katika kijiji cha Vivian, jimbo la South Dakota, lilianguka jiwe lenye upana wa inchi 8 na uzito wa karibu ratili 2. Jiwe hilo halikuokotwa na mtaalamu. Mwenyeji mmoja wa hapo aliliona, akaliweka katika friji yake ya barafu, ingawa umeme ulikuwa umekatika, akalihifadhi mpaka likapimwa. Ikiwa mtu huyo angalilipuuza, hakuna ambaye angalijua leo kwamba jiwe kubwa hivyo liliwahi kuanguka.

KUTAFUTA MAJI YALIYOKWISHA PITA

Baada ya gharika ya Fort Collins, wataalamu wa chuo kikuu walitaka kujua mvua ilinyesha kiasi gani na mahali gani hasa. Mmoja wao alikuwa Bwana Nolan Doesken, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wa mkuu wa elimu ya tabia ya nchi katika jimbo la Colorado. Vituo rasmi vya kupimia mvua vilikuwa vichache mno. Basi yeye na wenziwe waliwaomba wananchi habari. Baadhi ya watu walikuwa na vipima mvua vyao wenyewe. Wengine waliweza kuonyesha maji yaliyoingia katika ndoo na vyombo vilivyoachwa nje. Kwa kuunga habari hizo walichora ramani, na ramani ikaonyesha wazi jinsi gharika ilivyokaa mahali padogo.

Kutokana na kazi hiyo Bwana Doesken alipata fikira. Kama wananchi waliweza kusaidia hivyo baada ya msiba, kwa nini wasisaidie kabla yake? Mwezi wa Juni 1998, kwa msaada wa vijana wachache wa shule ya sekondari na wenyeji waliojitolea, alianzisha umoja wa wapima mvua. Mwanzoni ulikuwa wa Fort Collins na jirani zake tu. Baadaye majimbo mengine yaliomba kuingia, na leo umoja huo, ambao kwa kifupi huitwa CoCoRaHS, umeenea katika majimbo yote ya Marekani, ukavuka mpaka hadi Kanada na kufika visiwa vya Bahama. Wanachama wake wamepita 20,000.

CHOMBO CHENYEWE

Kipima mvua wanachotumia si chombo cha ajabu. Ni mcheduara wa plastiki wenye mdomo wa upana wa inchi 4. Ndani yake mna faneli, na chini ya faneli mna mrija mwembamba. Eneo la mrija huo ni sehemu moja katika kumi ya eneo la mdomo. Kwa hiyo mvua ya inchi moja husimama inchi 10 ndani ya mrija, na mtu aweza kusoma hata sehemu moja katika mia ya inchi. Mvua ikizidi inchi moja, maji humwagikia katika chombo cha nje, nayo hupimwa baadaye kwa kumiminwa tena katika mrija. Jumla chombo huweza kupokea inchi 11. Maana yake ni kwamba mvua ya 1997, kama haikumwagwa na kupimwa katikati, ingalikijaza na kufurika.

Kwa kupima mawe wana kifaa rahisi zaidi. Huchukua kipande cha povu gumu, la namna ile ya kufungia vitu visivunjike, chenye urefu na upana wa futi moja, wakakifunika kwa karatasi ya madini kama ile ya kupikia. Kifaa hicho huwekwa wazi nje. Mawe yakianguka huacha mashimo. Kwa kuyahesabu na kuyapima mashimo hayo, wataalamu hujua mawe yalikuwa mangapi na makubwa kiasi gani, na kama yamebonyea upande mmoja, hujua pia upepo ulitoka wapi.

SIFURI NAYO NI HESABU

Wapima mvua hufundishwa jambo moja ambalo karani yeyote atalifahamu mara moja. Siku isiyonyesha, lazima waandike sifuri. Wapya wengi hufikiri kwamba hapana haja ya kuandika chochote ikiwa chombo ni kitupu. Lakini ukurasa mtupu hausemi kitu. Huenda mvua haikunyesha, huenda mwenye chombo alikuwa safarini, huenda alisahau. Mtu wa hazina asiyeandika kwamba siku fulani hakupokea fedha, mwisho wa mwezi hataweza kujitetea. Ni vivyo hivyo kwa mvua. Sifuri zikiandikwa kwa uaminifu, huonyesha ukame unavyoanza, pole pole, kabla mazao hayajanyauka.

Mbali na hesabu ya asubuhi, mpima mvua aweza kutuma habari ya haraka saa yoyote. Mvua ikipiga kwa nguvu isiyo ya kawaida, au mawe yakianguka, huituma kwa intaneti, na wataalamu wa Serikali wanaotoa maonyo ya tufani huipata papo hapo. Mtaalamu aliyekaa mbele ya rada, mwenye shaka kama wingu lile ni hatari au si hatari, akipata neno la mtu mmoja aliyesimama chini yake, shaka humtoka. Mwezi wa Septemba 2013 mvua kubwa zilirudi tena katika vilima vya Colorado kwa siku kadhaa, na mafuriko yakaleta vifo na hasara kubwa. Safari hiyo vipimo vya wananchi vilikuwa tayari, nyumba kwa nyumba na bonde kwa bonde, na wataalamu wakavitumia kuchora ramani ya mvua ile.

Kazi hii ina sheria ya hekima pia. Hapana anayetakiwa kutoka nje wakati wa radi ili kusoma chombo. Maji yatangoja; uhai haungoji. Mtu akiona mmeme wa umeme, na ahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo. Sauti huchukua kama sekunde 5 kwenda maili moja. Akihesabu 15, radi iko maili 3 tu, nayo yaweza kumfikia kwa pigo lifuatalo. Hata kusikia ngurumo tu ni dalili ya kutosha kwamba yumo hatarini. Asikae chini ya mti, asisimame shambani akishika jembe, asiendelee kuvua samaki. Na aingie katika nyumba imara au ndani ya motokaa iliyofungwa, akae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

SOMO KWA MKULIMA WA KENYA

Mambo ya Colorado hayako mbali na mambo ya Kenya kama ramani inavyoonyesha. Nchi ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa mahali pa dunia panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi sana. Wakulima wa chai wanajua jinsi wingu moja la alasiri linavyoweza kuyachana majani ya shamba moja na kuliacha la jirani bila doa. Katika miaka ya 1960 wataalamu walijaribu huko kuzuia mawe kwa kurusha roketi zinazopasuka mawinguni. Na katika jaribio la namna hiyo, hapana awezaye kujua kama limefaa au halikufaa pasipo watu wa kupima mawe chini. Katika ziwa Victoria, pepo za usiku zitokazo nchi kavu pande zote hukutana juu ya maji na kuinua mawingu ya radi, na wavuvi wengi wamepoteza maisha kwa tufani za alfajiri.

Wala kuichunguza mvua si jambo geni kwa watu wa Kenya. Huko Bunyore, katika Vihiga, ukoo wa Nganyi umesifika tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua katika miti, ndege na wadudu. Na katika karne hii wataalamu wa Serikali wamekaa na wazee hao, wakalinganisha elimu zao. Tena shule, misheni na mashamba mengi ya Kenya yameweka hesabu za mvua kwa miaka mingi, na hesabu hizo zimekuwa msingi wa kujua tabia ya nchi.

Mkulima asiye na kipima mvua cha dukani aweza kuanza na kopo. Yafaa liwe kopo lenye kuta zilizosimama wima, upana ule ule juu hata chini. Likiwa hivyo, kina cha maji ndani yake ni sawa na kina cha mvua iliyonyesha, liwe pana au jembamba. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na nyumba na miti. Kama mti una urefu wa futi 20, kopo liwe mbali nao futi 40. Lifungwe juu ya nguzo fupi lisiangushwe na mbuzi wala upepo. Kila asubuhi, saa ile ile, maji yapimwe kwa rula ya shule, yamwagwe, na kiasi kiandikwe daftarini pamoja na tarehe. Milimita 25 ni kama inchi moja. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri.

Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litamwambia mwenyewe mambo ambayo redio haiwezi kumwambia, kwa kuwa redio husema habari za wilaya nzima, na daftari husema habari za shamba lake. Baada ya miaka mitano ataweza kuona ni juma gani mvua huanza kweli, na ni lini huanza kwa udanganyifu, ikanyesha siku mbili na kukatika, mbegu zikaozea ardhini. Akifanya hivyo yeye na majirani zake kumi, kila mmoja katika kilima chake, wakakutana na bwana shamba na kulinganisha hesabu, watakuwa na kitu ambacho watu wa Fort Collins hawakuwa nacho jioni ile ya 1997.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Neno hilo ni la kweli, lakini wingu moja haliwanyeshei watu wote sawasawa. Wale waliokufa penye kijito cha Spring Creek walikuwa maili chache tu na watu waliolala bila habari. Tangu hapo watu wa mji ule hutoka uani kila asubuhi, wakasoma, wakaandika, hata kama hesabu ya siku hiyo ni sifuri.